Waya Nne za Syombua

Syombua alitunza ploti yetu ya Kayole, nyumba ishirini na nne kwenye tangi moja. Mwaka wa tisini na nane, El Nino ikielekea kuisha, mwenye ploti, Mzee Muturi, alimpa masharti mawili: tangi likikauka tena, afunge virago; na akiita lori la maji bila sababu, virago vilevile. Maji ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yalikuja Jumapili na Ijumaa tu.

Jumatano jua likatoka baada ya wiki nzima ya mvua. Syombua akagonga tangi kwa kijiti, akasikiliza. Yalibaki mitungi mia.

"Yanatosha," nikamwambia. Mimi hesabu naijua. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu mwalimu alianza kuniogopa. "Kila nyumba mitungi miwili kwa siku. Huyu atachota mmoja, yule mitatu, wanafidiana. Siku mbili ni tisini na sita. Minne ya juu nitaoga mimi."

"Wangefidiana kama kila mtu angekuwa na jua lake, Baba Eve. Hawa wote wamengoja hili moja wafue." Akanionyesha juu ya paa. "Mimi sihesabu nyumba, nahesabu waya za kuanikia. Ziko nne, kila moja ya nyumba sita. Mmoja akianika blanketi, wenzake wa waya hiyo wanakimbilia nafasi. Waya ikijaa, mitungi thelathini imekwenda, ya kupika ikiwa humo. Haipiti hapo."

"Waya nne, mia na ishirini."

"Sasa umeamka."

Akaita lori. Nikamcheka mbele ya watu. Kufikia jioni waya tatu zilikuwa zimejaa, ya nne nusu. Mitungi mia na tano ilikuwa imekwenda, na bila ile mia ya lori tungelala wakavu.

Alhamisi nikarauka kumwokoa. "Yamebaki tisini na tano. Wakirudia ya jana tumekwisha. Ita lori la pili."

"Warudie waanike wapi, kichwani mwako? Blanketi za jana bado zinachuruzika."

Siku hiyo watu walichota ya kupika na kuoga, basi.

Ijumaa, kabla ya maji ya kanjo, Mzee Muturi akapanda ghorofa ya juu, akafungua mfereji. Yakatoka. Akanawa mikono polepole, akauliza kama lile lori lilihitajika.

"Lilihitajika, mzee, na moja tu," nikamjibu mimi. "Tulipiga hesabu kwa waya."

Akamwambia Syombua aendelee na kazi, akashuka.

"Tulipiga?" Syombua akaniuliza. Akanikabidhi brashi nisugue ngazi, na mimi nikasugua.