Bangili Yenye Nywele Ndani

Nilipokuwa mtoto, kwetu Igowole, ukifukua chuma au shaba shambani hukiingizi nyumbani. Kitu hicho kina mwenyewe, hata kama alishakufa, naye atakuja kukifuata. Mimi kwa kiherehere changu niliokota bangili wakati wa kuvuna viazi, nikaileta, nikaitupa uani nikaisahau.

Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani akashikwa na homa kali. Mama yake alipokuja kwetu akaiona ile bangili: waya mwembamba uliozungushwa, na pale ulipokatika, nywele nyeusi zimechomoza. Nywele za mtu hizi, akasema, mtoto wangu analogwa. Na mlogaji angekuwa nani kama si mama yangu, Msafwa aliyeolewa kutoka Mbeya, mgeni? Nilisema ni mimi niliyeifukua, hakuna aliyenisikiliza. Kufikia saa nne asubuhi balozi wa nyumba kumi alikuwa uani kwetu pamoja na majirani, na shauri lao lilikuwa moja tu, mama arudishwe kwao. Mama hakulia. Alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma.

Sasa, nisidanganye, bibi mzaa baba hakuwa akimpenda mama. Lakini alikuwa binti wa mhunzi. Aliipokea ile bangili, akaipima kiganjani, akaikwangua kwa kisu mpaka shaba ikatoa wekundu wake. Kisha akaenda zizini, akang'oa unywele wa mkia wa ng'ombe, akauweka sambamba na zile nywele. Unene uleule, ugumu uleule. Akaketi, akanyoosha mguu, akaanza kuuzungushia ule unywele ncha ya waya iliyokatika kwenye bangili, juu ya paja lake, upesi, bila hata kuutazama.

"Hivi ndivyo baba yangu alivyozitengeneza," alisema. "Haya ni mapambo ya bibi zenu. Mkimfukuza mkwe wangu, nifukuzeni na mimi."

Balozi alivua kofia. Jirani naye akambeba mwanawe kwenda zahanati, na mtoto akapona. Bangili bibi aliifukia tena shambani pamoja na unga kidogo wa sadaka, kwani kujua ilivyotengenezwa hakukumzuia kumheshimu marehemu mwenye bangili.

Leo mtu akiniuliza ukoo wangu, sianzi na shule nilizosoma. Nasema mimi ni kitukuu cha mhunzi, halafu nasema mama yangu, Msafwa yule, amezikwa Igowole, ubavuni mwa mama mkwe wake.