Shangazi Aliyetumwa Kunilinda

Nilipomaliza shule ya walimu kwa masista wa Kasongo, wasichana tuliofika mwisho tulikuwa wachache. Wenzetu wengi walikuwa wameshaolewa njiani. Watu wa mtaa walikuwa wakituangalia tunapopita na mavazi yetu meupe, wakiulizana: hawa si masista, si wake za watu, basi ni nini? Hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyohivyo.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kufundisha watoto wa darasa la kwanza mbele ya masista na padri aliyekuwa akikagua shule za eneo letu. Nilipewa somo la kuku. Niliazima jogoo mwekundu kwa jirani, nikamleta ndani ya kitunga. Nilipomtoa, badala ya kusimama na kuonyesha kishungi na kucha, alijikunja mezani akalala. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, kuku anaota ndoto?"

Nilisema, "Sijui. Nyinyi munaona namna gani?"

Darasa lote lilipaza sauti. Mmoja alisema anaota mwewe, mwingine akasema kichwa cha kuku ni kidogo, ndoto haiwezi kuingia. Sista mkuu alikunja uso, maana tulifundishwa kwamba mwalimu hasemi "sijui". Lakini padri alicheka mpaka akafuta miwani yake, na nikapita.

Wiki chache baadaye nikaambiwa nitakwenda Kabambare, ambako misheni ilikuwa inaanzisha darasa la wasichana. Nilifurahi kupita kiasi. Kabambare nilikuwa naijua kwa jina tu, kwa malori ya pamba yaliyotoka huko yakiwa yamejaa vumbi jekundu.

Baba yangu, mkulima wa mpunga ambaye hakupenda maneno mengi, alikataa. "Mutoto mwanamuke halali peke yake katika inchi ya watu," alisema. Sista mkuu akaja nyumbani kwetu mwenyewe, akakaa kwenye kiti chetu kimoja, wakazungumza mpaka jua likashuka. Mwishowe walikubaliana: nitakwenda, lakini shangazi yangu atakwenda pamoja nami, na hataniacha nitoke machoni pake.

Shangazi alikuwa dada mdogo wa baba. Mume wake alikuwa amekufa kabla hawajapata mtoto, na ndugu za marehemu walipotaka kumrithi kama ilivyo desturi, alifunga vikwembe vyake vya kuvaa akarudi kwa kaka yake. Alikuwa na sauti nzito na mwendo wa haraka, na kila kitu alitaka kukijua. Akikutana na mtu amebeba mzigo, atauliza ni nini, kimetoka wapi, kinakwenda kwa nani. Baba alimwita mbele yangu akamwambia, "Wanaume wa kule wasimusogelee."

"Watanipitia mimi kwanza," shangazi alijibu.

Tulisafiri juu ya lori, tumekaa kwenye magunia ya chumvi. Shangazi aliuliza jina la kila mto na kila kijiji, hata dereva alipochoka kujibu. Tulipofika, tulionyeshwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, na ng'ambo ya uwanja darasa lenye paa la majani. Ndani kulikuwa na ubao mweusi na meza yangu. Mabenchi hayakuwapo. Padri wa pale alisema ameshamwagiza seremala, na kwamba kwa sasa wasichana wakae kwenye mikeka.

Siku ya kwanza sikupata neno hata moja kutoka kwao. Walikuwa wananitazama viatu. Niliwauliza majina kwa Kiswahili, wakainamisha vichwa. Nilijua Kiswahili wanakisikia, maana sokoni kila mtu alikisema, lakini nyumbani walisema Kibangubangu, nami nilizaliwa katika lugha ya Kizimba. Nilifundisha peke yangu asubuhi nzima kama mtu anayepigia ngoma ukuta. Shangazi alikuwa nyuma, mlangoni, akisuka mkeka, kwa sababu baba alisema nisitoke machoni pake.

Siku ya pili, katikati ya somo, alimgusa msichana aliyekaa karibu naye, akamwonyesha ukindu. "Mutoto, hii kwenu munaiita nini?"

Yule msichana akanong'ona. Shangazi akarudia neno lile kwa sauti yake nzito, akalikosea, na darasa zima likacheka. Akacheka naye. "Sisi kwetu tunasema hivi," akawaambia kwa Kizimba. Basi wakaanza kumwuliza wao: na maji? Na jicho? Na mama mkwe? Maneno mengine yalikuwa yanafanana kama mapacha, mengine hayakujuana kabisa. Mimi nilisimama na chaki mkononi, nimesahau somo, natamani kujua kwa nini watu wanaokunywa mito ya jirani waiite mvua kwa jina moja na nyoka kwa majina mawili. Nikaanza kuandika maneno hayo ubaoni, Kibangubangu upande huu, Kizimba upande ule, Kiswahili katikati. Herufi za kwanza walizozisoma wasichana wangu zilitoka hapo.

Ndipo seremala akaanza kuja.

Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi chache ndevuni, aliyefiwa na mke na kubaki na mabinti wawili wakubwa walioolewa upande wa Salamabila. Alileta benchi moja begani, akaliweka, akalitikisa kuona kama limesimama sawa, akaondoka. Baada ya siku kadhaa akaleta lingine. Niliuliza kama hayawezi kuja yote kwa pamoja. "Mbao haiyakauka bado, Mwalimu," alisema. Siku nyingine alikuja bila benchi, kupima tu. Nyingine alikuja kupiga randa benchi ambalo halikuwa na shida yoyote. Aliifanya kazi hiyo mlangoni, taratibu, na maranda yakaanguka mpaka kwenye mkeka wa shangazi.

Mwalimu hujifunza kuangalia, nami nikaanza kumwangalia. Akifika, nguo yake ilikuwa safi kupita nguo ya fundi yeyote. Macho yake hayakutua kwangu, lakini hilo nililiona kama heshima. Nilijiuliza anataka nini. Nilijiuliza pia kama nina hasira au nafurahi kidogo.

Watu wa Kabambare wao walikuwa na jibu tayari. Walisema kisimani, wakasema sokoni, na maneno yakafika misheni. Padri akaniita barazani kwake baada ya misa.

"Binti yangu," alisema, "watu wanasema fundi wa mabenchi anakutafuta. Umri wake ni wa baba yako. Je, amekuambia neno?"

"Hapana, Padri. Ameniambia mbao haijakauka."

"Mbao hiyo nilimpa mimi. Ilikuwa kavu," padri alisema. "Masista wakisikia, watakurudisha Kasongo."

Nilirudi nyumbani mbiombio. Shangazi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nilimweleza kila kitu, nikitegemea atashika mchi na kumfuata yule mtu mpaka kwake. Lakini aliendelea kutwanga bila kuniangalia, na majani yalikuwa yameshalainika zamani. "Watu wana midomo," alisema tu. Kwa mwanamke asiyeacha kuuliza, hakuniuliza swali hata moja. Hilo lilinishangaza kuliko maneno ya padri.

Kesho yake seremala alifika na benchi begani, wasichana wakiwa wameshatoka. Niliona afadhali nimalize jambo lile mchana, mbele ya mlinzi wangu.

"Bwana," nilimwambia, "mabenchi haya unayaleta moja moja kwa sababu gani? Padri anasema mbao ilikuwa kavu."

Aliliteremsha benchi polepole. Alitazama chini, akafuta mikono yake kwenye suruali. "Mwalimu, nikileta yote siku moja, kesho nitakuja na sababu gani?"

"Kuja kumwona nani?"

Shangazi ndiye aliyejibu, kutoka kwenye mkeka wake. "Umuache, mama. Ni mimi nilimuambia asiharakishe."

Nilimgeukia. Sikuwahi kumwona shangazi akiona haya. Sikujua hata kwamba uso wake unaweza. Aliokota kipande cha maranda, akakikunjua kwa vidole, kikajikunja tena. "Aliniuliza chombo chake cha kupigia randa kwetu tunakiita nini," alisema. "Nikamuambia sijui, sisi tunatumia cha Wazungu kwa jina la Wazungu. Akasema, basi tutakitafutia jina. Tuko tunakitafutia mpaka leo."

Nilikaa kwenye lile benchi jipya. Halafu nikacheka, nao wakacheka, shangazi kwa sauti nzito na fundi bila sauti yoyote, mabega tu yakitikisika.

Seremala alipotuma habari za posa, baba alikuja juu ya lori la pamba lililokuwa likirudi, amevaa koti lake la kanisani. Nilimwogopa. Alimzunguka seremala kama mtu anayetazama mbuzi wa kununua, akaenda kukagua mabenchi darasani, akakalia kila moja. Aliporudi alisema, "Nilituma mulinzi. Sasa nani atamulinda mulinzi?" Shangazi akamwambia alishachoka kulindwa toka alipofiwa, na kwamba safari hii hakuna mtu anayemrithi, anakwenda mwenyewe. Baba alivua koti lake. Kisha akaomba maji ya kunywa, na kwa baba yangu hilo lilikuwa jibu la ndiyo.

Padri aliwafungisha ndoa kabla ya mvua kubwa. Kwa sababu sikuweza kuishi peke yangu, nilihamia nyumbani kwa seremala, nikapewa chumba kinachonukia mbao mbichi. Asubuhi shangazi alinisindikiza darasani kama kawaida, akakaa mlangoni na ukindu wake. Hakuna aliyemwomba tena kunilinda. Alisema anataka kujua nitafundisha nini siku hiyo.

Nilikaa nao mpaka nilipoolewa mimi, na bado nilikuwa nikifundisha. Jambo moja sikulipata: siku gani hasa ilianza. Nilimwuliza seremala, akataja siku ya benchi la kwanza. Nilimwuliza shangazi, akasema hapana, ilikuwa kabla, siku tuliyofika, lori liliposimama sokoni na mtu mmoja akasogea kumsaidia kushuka. Seremala aliposikia hivyo, aliacha kula. Alisema siku ile hakuwa sokoni kabisa. "Basi ni nani alinishika mukono?" shangazi akauliza, akicheka kwa sauti yake nzito.