Mfunga Koki

Kila jioni, ukungu ukianza kushuka kwenye barabara ya Kalenga, mwangalizi wa pampu ya kijiji chetu hupita bomba moja baada ya jingine akifunga koki. Pampu yenyewe imenyamaza tangu masika ya sabini na tano. Wazungu walioileta walimaliza mradi wao wakarudi kwao, na kipuri cha kubadilisha kile kilichovunjika, tunaambiwa, kinasubiri fedha za kigeni huko Dar es Salaam. Mikono ya mwangalizi bado inanuka dizeli, ingawa dizeli yenyewe haiji tena. Huifuta mashine kwa kitambaa, taratibu, kama anayemnawisha mtoto aliyelala, kisha huweka sikio kwenye bomba kubwa na kufumba macho. Asubuhi kina mama hufungua koki kuangalia kama maji yamerudi. Wakikuta kimya huziacha wazi, wakashika njia ya mtoni. Yeye huzifunga jioni, zote, bila kunung'unika.

“Kamwene, baba,” Mama Lea alimwamkia juzi. “Sasa unafunga nini, na bomba ni kavu?”

Alijibu kwa ile sauti yake ya chini, ya mtu anayeogopa kuamsha wenzake. “Yakija usiku, mama, yatamwagika yote.”

Mama Lea hakucheka. Jana jioni nilimwona akitoka mtoni, maji yakimdondokea begani. Alisimama kwenye bomba lililo karibu na kwake, akashikilia ndoo kichwani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaikaza koki.