Kumfuata Gudruni Bunda

Mwaka ule tulikula udaga wa muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, asubuhi udaga, jioni udaga, ndio mwaka tulimzika mjukuu wangu Wambura. Mwaka huu mahindi yamekubali. Nikasema basi, naenda Bunda kumrudisha mke wake nyumbani. Nimechoka kula peke yangu.

Butiama nilitoka asubuhi na kuku kwapani. Huyo mke ni Gudruni, mzungu wa Aisilandi, kwao barafu tupu. Wambura alipelekwa huko kusomea samaki, akarudi na samaki mwenye miguu. Nilimpokea kama bibi harusi yeyote wa kwetu: nikampa figa la tatu, aliweke jikoni kwa mkono wake. Akapika ugali, ukaungua, tukaula.

Musoma nilishuka Iringo kununua sato wakavu, halafu bodaboda mpaka Bweri, kuitazama nyumba ya Wambura. Alipokufa, nyumba hiyo shemeji zake Gudruni waliitaka. "Mzungu arudi kwao!" Baraza la ardhi likamuuliza Gudruni, atakwenda? Akanigeukia mimi: "Siondoki, bibi. Figa langu liko hapa." Tukashinda. Siku ile ndipo sheria ilimwingia. Alikuwaga anasoma jikoni kwangu, kitabu huku, mwiko huku, miaka na miaka, mpaka akaapishwa kuwa wakili. Akahamia Bunda, na figa lake akalibeba. Mimi nikaweka tofali mahali pake.

Bunda nilifika jua kichwani. Nikamuuliza muuza nyanya, "Wakili mzungu anakaa wapi?"

Akanikata jicho. "Mzungu gani? Si useme mama wakili!"

Moyo wangu ukavimba. Ofisini wajane wamejaa benchi zima. Mlango umezuiwa na jiwe jeusi la moshi. Nililijua.

"Bibi!" Gudruni akanikimbilia. "Umebeba kuku mzima?"

"Ulitaka nibebe nusu?"

Tukala sato, kichwa akamaliza yeye. Nikamwambia, "Mwanangu, turudi. Kitanda chako nimetandika." Kwenye benchi mama mmoja alikuwa analia, shemeji zake wamemfungia nyumba kwa kufuli. Gudruni akamtazama, akanitazama, machozi yakamtoka, ndipo akanijibu.

Nimerudi Butiama peke yangu. Nimejifunza: ukimfundisha mtu kukaa, atakaa hata mahali wewe hupataki. Majirani wananiuliza, "Mkweo yuko wapi?" Nawapa jibu lake vilevile alivyonipa, mkono wake juu ya wangu:

"Siondoki, bibi. Figa langu liko hapa."