Isale Katika Glasi ya Maji

Mbwa wa upande wetu wa Kilema siku hizi hulala mpaka jua litoke. Zamani walibweka kabla ya kengele ya misheni, kwa sababu Tito alikuwa ameshaamka, anapanda na kushuka kando ya mfereji, mikono mgongoni, kama mtu aliyedondosha kitu asikumbuke ni wapi. Tuliwalaani mbwa, kisha tukamlaani Tito. Sasa kuna kimya, na kimya hicho nacho kinatuamsha.

Alikuwa kitinda mimba wa Mektrida. Kwetu kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya baba, migomba, kahawa, na kaburi lililo katikati yake. Kwa hiyo kihamba kilikuwa chake tangu baba yake azikwe. Lakini Tito alikuwa bwana shamba, amesoma Morogoro, na alitaka kuujua ugonjwa unaoozesha kahawa yetu ikiwa bado kijani. Katikati ya miaka ya tisini akapata nafasi ya shahada ya pili Uingereza. Ufadhili ulitosha mwaka wa kwanza tu. Ada ya mwaka wa pili, mwanafunzi Mwingereza hakulipa hata theluthi yake. Mgeni alitakiwa kuilipa yote, tena kabla ya kuingia darasani.

Alipopiga simu misheni kueleza, baba yake mkubwa, Gidioni, alipata jawabu upesi. Mfanyabiashara mmoja wa Kiboriloni alikitaka kihamba, na fedha alikuwa nazo.

"Na marehemu tumhamishie wapi?" Mektrida aliuliza.

"Marehemu hadaiwi ada, shemeji. Mtoto akirudi na shahada atanunua vihamba vitatu."

"Vyenye makaburi ya nani?"

Asubuhi yake mama alikwenda mpakani mwa shamba akakata kichwa cha isale, mmea tunaoupanda kuwa mpaka. Huku mlimani, aliyekosa, hata awe amemwaga damu, huenda kwa aliyemkosea na jani la isale mkononi. Akishapokewa, hasira lazima ishuke. Alilifunga kwenye gazeti lenye maji akampa padri aliyekuwa akisafiri kwenda Ulaya. Ujumbe kwa Tito ulikuwa mfupi: Mpe mkubwa wao, akusamehe ada.

Tito alijua Waingereza hawana habari na isale. Lakini nani hutupa isale la mama yake? Alivaa suti, akaenda ofisi ya ada, akalitoa kwa mikono miwili. Mama mmoja mtu mzima akalipokea, akatabasamu, akalitia kwenye glasi ya maji dirishani. Kisha akamuuliza atalipa kwa hundi au kwa benki.

Alirudi mara nyingi kuomba muda. Kila akija, isale lilikuwa na jani jipya.

Simu ya mwisho ilikuwa ya Gidioni. "Sema ndiyo tu. Huyu mtu hatasubiri."

"Mama atalala wapi, baba mkubwa?"

"Utamjengea ghorofa!"

"Hapana," alisema Tito. Alirudi nyumbani kabla ya Krismasi, shahada ikiwa nusu.

Kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wanywaji walimpokea kwa jina jipya. "Profesa! Barafu ya mlima sisi tunaitazama bure kila asubuhi. Wewe umeilipia!" Alicheka nao. Mama yake alingoja wawe peke yao.

"Walilipokea?"

"Walilipokea, mama."

"Basi?"

"Wakalitia maji."

"Angalau halikukauka," alisema Mektrida.

Tito akaanza kutembea. Alipunguza migomba, akapogoa kahawa, akaacha katikati, akaenda kutazama mfereji. Alikuwa amekiokoa kihamba na hakuweza kukaa ndani yake. Nilikutana naye alfajiri moja, nikamwambia apumzike. "Nikikaa," alisema, "nasikia mhadhara unaendelea bila mimi."

Miaka ikapita hivyo. Siku alipomwambia mama yake kwamba amepata kazi Mbinga, kusini kabisa, kwenye kahawa ya kule, sauti ya Mektrida ilifika kwetu.

"Ulikikatalia kuuzwa ili ukikimbie? Si bora ningekula fedha ya Kiboriloni!"

Tito alishuka mpakani, tukamwona anakata kitu kwa kisu cha kupogolea. Akarudi, akapiga magoti mlangoni, akainua jani la isale kwa mikono miwili. Mama alitazama pembeni, akaitazama migomba, akalitazama kaburi. Alikaa hivyo hata tukadhani atakataa, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona.

Akanyoosha mkono akalichukua.

"Nenda," alisema. "Lakini mimi sitalitia maji."

Tito yuko Mbinga, bwana shamba kwa mkataba wa mwaka hadi mwaka. Shahada hakuimaliza. Kihamba hakijauzwa, na Mektrida analala ndani yake.