Eda ya Mama na Nyumba ya Matumbawe

Baba yangu alifia Jidda, katika nyumba ya mawe ya matumbawe katika mtaa wa kale wa Balad, ambayo tulipanga ghorofa yake ya pili tangu tulipohama Unguja. Mama akakaa eda humo humo. Mjane hatakiwi kuihama nyumba ya mumewe mpaka eda iishe. Yake haikufika nusu. Mwenye nyumba, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amerithi, alisimama mlangoni.

"Halas. Naitaka nyumba yangu."

"Mwanangu, nimo edani," Mama alimjibu nyuma ya pazia.

"Kakae eda kwingine."

Tukatoka mchana, watu wanatazama, Mama kajigubika kanga mbili. Jamaa wa mtaa wa Ruwais wakatupokea. Mama hakuililia nyumba. Aliililia eda yake mpaka alipokufa.

Nimesomesha Kurani miaka mingi na fadhila za kusamehe nazijua. Namshukuru Mungu kwa kila alichonijaalia, na kimojawapo ni kutosahau.

Sasa naishi Riadh kwa binti yangu. Mwaka jana mpwa wangu, mwenye duka Balad, alinipigia simu. Wahandisi wanakagua majumba ya kale. Litakaloandikwa kuwa urithi halivunjwi tena. Mwenye nyumba wetu amewaambia yake ni ya saruji tu, maana anataka kuibomoa ajenge hoteli. Nikamwomba binti yangu anikatie tiketi.

"Mama, hii safari ya dini au ya kisasi?"

"Kutoa ushahidi wa kweli ni wajibu. Utamu wake ni ziada."

Kweli, kwa nje ilikuwa saruji tupu. Roshani za msaji alizing'oa, kuta akazipiga plasta. Naye alikuwepo, mzee kama mimi, kashika bakora. Hakunitambua. Nikawaeleza wahandisi alivyonionyesha Baba utotoni: safu za mawe, kisha boriti imelazwa ndani ya ukuta kuyashika, kisha mawe tena.

"Kwangueni hapa."

Saruji ikadondoka mapande mapande. Ukatokea mti mweusi, na chini yake jiwe jeupe lenye vitundu. Nikawapandisha chumba cha eda. Huko, juu ya dirisha, plasta ilikuwa imefunika nakshi za chokaa ambazo Mama alishinda akizitazama.

Nyumba ikaandikwa. Haivunjwi, haiongezwi ghorofa, na kuitengeneza ni juu ya mwenyewe, kwa chokaa na msaji kama ilivyokuwa.

Kuna aliyemwambia mimi ni nani, akanifuata dukani kwa mpwa wangu.

"Hajati, wewe ndiye binti wa yule mjane? Nisamehe. Nyumba hii itanimaliza."

Nikamwagizia chai, maana mgeni ni mgeni.

"Mimi sina cha kukusamehe. Haki ni ya Mama. Kamwombe yeye."

"Si alishakufa? Nitamwomba vipi?"

"Kunywa chai, baba. Mtaonana."