Hesabu Iliyowatoa Wakina Mama Darasani

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu, mkuu wa byuro, ofisi yetu ya Kasongo, alinipa kibuku, kile kijitabu cha mafunzo cha serikali, boksi la chaki na pikipiki isiyo na breki ya mbele. Kazi yenyewe iliitwa alfabetizasyo, yaani kufundisha watu wazima kusoma, kuandika na hesabu za kuwasaidia kazini. "Fuata kibuku," akaniambia. "Usiongeze, usipunguze." Nami nilivyokuwa mjinga, nikaamini karatasi ya serikali haikosei.

Nilipangwa Wamaza, huko Kabambare, njia ambayo mvua ikinyesha wewe ndiye unayeibeba pikipiki. Wanafunzi wangu walikuwa wakina mama wakulima wa mpunga. Ushirika wao ulikuwa na mizani, lakini hakuna aliyejua kusoma sindano yake, kwa hiyo mnunuzi alipima mwenyewe na kutaja kilo mwenyewe. Jamani, walipunjwa wale! Ndiyo maana walikuja darasani na matope ya shamba miguuni, na mimi niliwapenda kuanzia wiki ya kwanza.

Tukafika hesabu ya kutoa. Kibuku kilisema: mama ana watoto sita, wawili wanaondoka, wanabaki wangapi? Nikaisoma kwa sauti yangu nzuri. Mama Faida, mkubwa wao, akafunga daftari, akajitanda kitenge, akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, nikabaki na ubao wangu. Nikadhani hesabu imewashinda.

Nilimkuta Mama Faida nyuma ya nyumba yake akipepeta mchele. Akanieleza taratibu kwamba kwao mama hataji idadi ya watoto wake, maana kuwahesabu ni kukiita kifo kije kuchagua.

"Na wewe, mwalimu, umeondoa wawili," akasema. "Umewapeleka wapi?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwomba radhi. Akanisukumia ungo.

"Hesabisha hii. Mchele hauna mama."

Basi, kuanzia hapo tulijumlisha na kutoa kwa makopo ya mchele. Kabla ya mavuno kwisha, Mama Faida alikuwa akisoma sindano ya mizani haraka kunishinda, na mnunuzi akaanza kumwamkia kwa adabu.

Halafu Inspekta wa elimu akaja kutoka Kindu, pamoja na Shefu wangu, kuamua kama kituo chetu kiendelee au kifungwe. Akafungua kibuku, na kwa bahati mbaya akaangukia ukurasa uleule. Watoto sita, wawili wanaondoka. Madaftari yakafungwa tena. Akaanza kuandika kwamba hawajui kitu. Shefu alinikazia macho ninyamaze, lakini niliwafikiria wale mama wakirudi kwa mnunuzi wao, nikasimama.

"Bwana Inspekta, hesabu wanajua. Watoto ndio hawatawatoa. Uliza na makopo ya mchele."

Akanitazama sana. Kisha akauliza: makopo sita, wawili wakuombe kopo mojamoja... Hakumaliza. Darasa zima likajibu nne kwa Kiswahili cha kwao, "Ine!" Mama Faida akamwomba asogee kwenye mizani, akampimia gunia na kumsomea kilo zake bila kukosea. Kituo kikabaki.

Shefu alininunia wiki nzima. Kisha nikamkuta byuroni, mkubwa mzima, akifuta hesabu ile kwa wino katika vibuku vyote, kimoja baada ya kingine. Nimefanya kazi chini ya wengi, hata Nyangwe nilikohamishiwa kufundisha wavuvi, ila huyo ndiye ninayemkumbuka kwa upendo.

Juzi nilipokuwa nastaafu, karani alinipa fomu. Idadi ya watoto. Mimi, mwalimu wa hesabu, kalamu ikanigomea. Mmoja wa watoto wetu alitutoka akiwa mdogo, na mama yake hajawahi kusema wamebaki wangapi.

"Mzee, ni wangapi?" karani akauliza. "Karatasi inataka namba."

Nikaiandika. Sikutoa hata mmoja.